Mwongozo kamili: Kufika mwisho wa gemu ya hadithi bila kujuta, kwa sisi tunaolipia kwa saa

Swali ni lilelile. Naulizwa Mwanjelwa, hapa Mbeya, nikichagua vitunguu, naulizwa kwenye daladala ya Uyole, na kuna siku niliulizwa msibani, tena na mtu niliyemwamkia shikamoo: "Mdogo wangu, ile gemu nimeimaliza, lakini mwisho wake sijauelewa. Ndiyo imeisha vile?"

Mara nyingi haijaisha. Ama imeisha, ila kwa mwisho ambao mchezaji aliuandaa mwenyewe bila kujua, misheni (kazi anazopewa mchezaji) ishirini nyuma, siku aliyokuwa na haraka.

Mwenye mashine sebuleni kwao anaweza kukosea akarudia. Anayechezea kwenye kibanda cha gemu cha kulipia hana nafasi hiyo: saa inasoma, nyuma kuna foleni ya watu wanaotaka mpira, na memori kadi, ile inayotunza ulipofika, inatumiwa na mtaa mzima. Mwongozo huu ni wake.

Onyo moja kabla hatujaanza. Nitataja jinsi gemu kadhaa zinavyoisha, hasa San Andreas, GTA IV na V (zote tatu ni za mfululizo wa Grand Theft Auto), na Red Dead Redemption zote mbili. Ukiona jina la gemu ambayo hujaimaliza, ruka aya hiyo.

## Vya kuandaa

Memori kadi yako mwenyewe, kama unachezea PS2 (PlayStation ya pili). Ile ya kawaida ya MB 8 inatosha kabisa. Ya kibandani ni kama kikombe cha mtungini, kila anayepita anakunywa. Andika jina lako juu yake kwa maka peni.

Flashi, kama ni PS3 au PS4. Ifomatiwe kwa mfumo wa FAT32, maana PS3 haisomi mingine.

Akaunti yako kwenye PS4. Sevu (kumbukumbu za ulipofika) za mashine hiyo zinafungwa kwenye akaunti ya aliyecheza. Ukicheza kwa akaunti ya kibanda halafu ukahamia kibanda kingine na flashi yako, utabeba faili lisilofunguka.

Daftari dogo na kalamu. Simu haifai kwa kazi hii. Ukiishika tu utaingia mtandaoni na utaambiwa nani anakufa.

Earphone za waya. Padi ya PS4, kile unachoshika mkononi kuchezea, ina tundu lake chini. Kibanda cha watu kumi na wawili wanaoshangilia bao si mahali pa kusikiliza mtu akiaga dunia.

Pesa ya saa nne mfululizo, iliyotengwa kwa ajili ya siku ya mwisho tu.

Sweta, kama ni Juni au Julai. Sitanii. Mbeya ipo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kibanda cha mabati saa mbili asubuhi kinakausha vidole mpaka unakosa vitufe.

## Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kushika padi

Mwisho unaoumiza kuliko yote ni ule usioufikia. Kwa hiyo anza na hesabu.

God of War ya 2005 inataka saa kumi hivi. The Last of Us ya 2013, kama kumi na tano. San Andreas na GTA V, hadithi tu bila kuzurura, karibu thelathini kila moja. Red Dead Redemption 2 inafika hamsini na haishangai ikizidi. Tuseme kibanda chako kinatoza shilingi 1,000 kwa saa: San Andreas ni 30,000, Red Dead 2 ni 50,000 kwenda juu. Ongeza robo nzima kwa ajili ya kufa na kurudia.

Kama mfuko wako ni wa saa kumi, chukua God of War uimalize. Nimeona vijana wengi wakianza Red Dead 2 na shilingi elfu nane mfukoni, wanaishia kwenye theluji ya sura ya kwanza na kusema gemu inaboa. Theluji ile ni mlango tu, nyumba hawakuiona.

Utajua umefanikiwa ukiwa na ukurasa mmoja daftarini wenye jina la gemu, idadi ya saa, jumla ya pesa, na siku utakazocheza.

## Hatua ya 2: Tambua gemu yako inaishaje, bila kuambiwa inaishaje

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo twende polepole. Kuna aina nne, na kila aina inataka ujipange kivyake.

Barabara moja. San Andreas (2004), God of War, The Last of Us. Ufanye utakavyofanya, utafika palepale. Kuna dogo wa Iyunga alinisumbua wiki nzima akitaka nimwambie afanyeje ili asimuue yule daktari mwishoni mwa The Last of Us. Hafanyi lolote. Gemu haimwombi maoni yake. Inamtaka awe Joel, mhusika wake mkuu, na abebe alichofanya Joel. Kwenye gemu za namna hii kazi yako ni mbili tu: kufika, na kuelewa unachoonyeshwa.

Njia panda mlangoni. GTA IV (2008), GTA V (2013), Mass Effect 3 (2012), Life Is Strange (2015). Unaburuzwa hadi karibu na mwisho, kisha unaulizwa: huku au kule? Hizi ni rahisi kuliko zinavyoonekana, maana sevu moja kabla ya swali inakupa miisho karibu yote.

Daftari la siri. Hizi ndizo zinazowaliza watu. Red Dead Redemption 2 (2018) inapima heshima yako tangu siku za mwanzo. Dishonored (2012) inahesabu uliowaua: ukiua wengi, panya wanaongezeka mjini na mwisho unakuwa wa giza. The Witcher 3 (2015) inakumbuka ulivyomlea Ciri, binti wa kulea wa mhusika mkuu, katika nyakati chache zisizopiga kelele, kwa mfano kama ulikwenda kurushiana naye theluji au ulimwambia anywe atulie. Metal Gear Solid ya 1998 inaamua nani atatoka hai pamoja na Snake, mhusika mkuu, kulingana na kama ulivumilia mateso au ulisalimu amri. Ukifika siku ya mwisho umechelewa, hesabu ilishafungwa.

Duru ya pili. Ghosts 'n Goblins ya 1985 inakuambia ulichomaliza ni mtego wa shetani, rudi mwanzo. Nier: Automata (2017) inapandisha majina ya watengenezaji huku ukiwa hata nusu ya hadithi hujafika. Ina miisho 26, kila mmoja na herufi yake ya alfabeti ya Kiingereza, na mitano ndiyo ya maana.

Sasa utajuaje gemu yako ni aina ipi bila kuharibiwa utamu? Mtafute aliyeimaliza, umuulize maswali mawili tu: "Ina miisho mingapi?" na "Uamuzi unafanyika mwishoni, au tangu mwanzo?" Akianza kusema "kuna jamaa mmoja pale...", mkatize. Mnunulie soda kama ni lazima.

Tahadhari. Mwisho wa tano wa Nier: Automata unakuomba ufute sevu zako zote ili umsaidie mchezaji mwingine usiyemjua. Haitanii, inafuta kweli. Kama kuna mwenzio anayesevu kwenye akaunti hiyohiyo, kataa, la sivyo utakuwa umetoa sadaka kwa mbuzi wa jirani.

Utajua umefanikiwa ukiweza kuandika neno moja chini ya jina la gemu: barabara, panda, siri, au duru.

## Hatua ya 3: Sevu tatu, kamwe si moja

Nilikuwa nikichezea kibanda kimoja pale Mwanjelwa. San Andreas, nimesharudi Grove Street, nimebakiza misheni chache mno. Nilikuwa nasevu kwenye nafasi ya kwanza kila siku kwa sababu ndiyo kidole kinapoangukia. Jumatatu nakuta CJ wangu, mhusika mkuu, yuko juu ya baiskeli, mtaani kwao, misheni ya pili. Mtoto wa shule alianza upya akasevu juu yangu. Mwenye kibanda alinipa saa moja ya bure. Saa moja!

PS2 inakupa nafasi nane kwenye San Andreas. Tumia tatu, kwa mpangilio huu:

A, ya kila siku. Sevu kila unapomaliza kucheza.

B, ya sura. Sevu hapa kila hadithi inapobadilisha mji, sura au kiongozi wa misheni. Sababu yake: ukigundua daftari la siri linakusoma vibaya, unarudi sura moja badala ya mwanzo kabisa.

C, ya mlango. Hii unaiandika mara moja tu, kabla ya misheni za mwisho, na huandiki juu yake tena.

Baada ya kila sevu, andika daftarini: nafasi ya ngapi, tarehe, ulipofika. Gemu nyingi mpya zinajisevu zenyewe, na hapo watu wanajibweteka. Sevu ya kujiendesha ni moja, na inajifuta kila dakika chache. Ukichagua vibaya kwenye njia panda, itakuwa imeshasevu ubaya wako kabla hujashtuka. GTA V inakuruhusu kusevu mwenyewe kupitia simu ya mhusika. Red Dead 2 kupitia menyu. Fanya kwa mkono.

Kwenye PS4, siku ikiisha, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya sevu za gemu, nakili kwenye flashi. Haizidi dakika mbili. Gemu za PS5 zenyewe hazikubali kunakiliwa kwenye flashi, kwa hiyo huko tegemea akaunti yako na uombe kibanda kisibadilishe mashine.

Tahadhari. Usichomoe kadi wala usiruhusu mtu azime mashine wakati inaandika. Faili likikatika katikati halirudi.

Utajua umefanikiwa ukiweza kufungua A, B na C mbele ya mashahidi na zote zikawaka.

## Hatua ya 4: Maliza ya pembeni kabla mlango haujafungwa

Gemu nyingi zina mahali ambapo ukivuka hurudi. Baadhi zinakuonya kwa maandishi kwenye skrini, kwa Kiingereza, na watu wanabonyeza tu kwa mazoea. Fallout 3 ilipotoka 2008 ilikuwa ikifunga kabisa baada ya misheni ya mwisho: imeisha, nenda nyumbani. Kelele zilikuwa nyingi, na nyongeza ya 2009 iitwayo Broken Steel ndiyo iliyowaruhusu watu kuendelea.

Kwa hiyo ukiona dalili hizi, simama: wahusika wanaanza kuagana, unaulizwa kama uko tayari, au wote mnakusanywa sehemu moja. Sevu C. Kisha tazama kila ulichokiacha.

Kwenye Red Dead 2, mahali pa kutulia ni sura ya sita. Arthur, mhusika mkuu, anaumwa kifua kikuu, ugonjwa alioupata kwa kumpiga mdaiwa aliyeitwa Downes. Katika sura hiyo unaweza kukutana na mjane wa Downes na mwanawe. Misheni zao si za lazima. Ukiziruka, mwisho utakuja vilevile, lakini utakosa mahali ambapo deni la mwanzo linalipwa. Kipimo cha heshima kikiwa chini, nyanyua sasa: salimia watu njiani, saidia wanaoomba msaada, vua samaki umrudishe majini. Ni kazi ya kuchosha kama kupalilia viazi, lakini inaonekana kwenye picha ya mwisho.

### San Andreas: simu isiyolia

Hili peke yake limeniletea maswali kuliko mengine yote. "Kaka, nimepiga misheni zote, Grove Street kuna fujo, polisi na watu wanakimbizana, lakini misheni ya mwisho haiji. CD mbovu?"

CD si mbovu. Misheni ya mwisho haifunguki mpaka genge lako limiliki asilimia 35 ya maeneo ya magenge ya Los Santos, mji wa CJ. Fanya hivi:

1. Fungua ramani. Kijani ni yenu. Zambarau ni Ballas, njano ni Vagos. Kwenye menyu ya takwimu utaona asilimia uliyonayo.

2. Jaza bunduki na vaa vesti ya kuzuia risasi kabla ya kwenda. Sevu A.

3. Nenda eneo la adui linalopakana na lenu, ushuke kwenye gari, uwapige wanachama wa genge wapatao watatu waliosimama pamoja. Gari likikubeba, vita haianzi vizuri.

4. Watakuja kwa mawimbi matatu. Kati ya wimbi na wimbi afya na vesti hudondoshwa mtaani, okota. Kaa pembeni ya ukuta, usisimame katikati ya barabara kama nguzo ya umeme.

5. Wimbi la tatu likiisha, eneo linageuka kijani. Nenda la pili. Maeneo madogo yanahesabika sawa na makubwa, kwa hiyo anza na madogo.

Ukifika 35, ikoni ya misheni inarudi. Sevu C hapo, nyumbani, kabla ya kuigusa.

Utajua umefanikiwa ukiona asilimia imevuka na hakuna jina la misheni ya pembeni ulilolizungushia daftarini ambalo bado linakuuma.

## Hatua ya 5: Chagua siku

Usimalize gemu Jumamosi jioni. Kuna mechi, na skrini kubwa itachukuliwa. Usimalize pia alasiri za mvua. Kuanzia Novemba hadi Aprili huku kwetu radi haina adabu, na umeme unakatika wakati Big Smoke, rafiki wa CJ aliyegeuka adui, amebakiza risasi tatu.

Siku nzuri ni katikati ya wiki, asubuhi, kibanda kikifunguliwa. Kabla ya kulipa, muulize mwenye kibanda mambo mawili: luku ina yuniti ngapi, na kama kuna UPS, ile betri inayoshika umeme ukikatika. Ukikuta hakuna UPS, bado cheza, ila sevu C lazima iwe ndani ya kadi yako.

Washa maandishi ya chini ya skrini. Hata kama Kiingereza chako ni cha kutosha, wahusika wa Los Santos hawaongei cha darasani. Sisi tumekua na filamu zinazotafsiriwa na ma-DJ, na karibu kila kibanda kina kijana mmoja anayejipa kazi hiyo. Mtumie, lakini ujue anatia chumvi. Wetu aliwahi kutuambia Tenpenny, yule polisi mbaya wa San Andreas, ni baba mzazi wa CJ. Tuliishi na uongo huo miezi.

Kuhusu waliokaa nyuma: waambie wazi kwamba anayejua mwisho anyamaze. Ukisema kwa upole mapema wanaheshimu. Ukisema kwa hasira katikati, wanakuambia wote kwa pamoja.

## Hatua ya 6: Njia panda

Sevu C ipo? Endelea.

Kanuni yangu ni kuchagua kwa akili ya mhusika, si kwa akili ya anayetaka pesa. Ukimwongoza mtu saa thelathini kwa namna moja halafu dakika ya mwisho ukamgeuza, mwisho utaonekana wa uongo, na kosa litakuwa lako.

GTA V ndiyo mfano ulio wazi. Franklin, mmoja wa wahusika wakuu watatu, anapewa mambo matatu: amuue mwenzake Trevor, amuue mwenzake Michael, au ajitose kwenye hatari ili wote wapone. Watu wanachagua kumuua Trevor kwa sababu anawakera. Kisha wanagundua aliyeuawa hachezeki tena, na sehemu yake ya pesa imekwenda naye. Njia ya tatu inawabakiza wote hai, na naiona kuwa yenye kuridhisha kuliko zile mbili, ingawa ni nyepesi kidogo, kila mbaya anapatilizwa kwa zamu kama orodha ya sokoni. Ushauri wa kiutendaji: misheni za Lester, mpanga wizi wenu, za kuua watu ili bei za hisa zibadilike, ukiacha ile ya kwanza ambayo ni ya lazima, zihifadhi hadi baada ya wizi mkubwa wa mwisho, mnapokuwa na mitaji mitatu ya kuwekeza badala ya miwili.

GTA IV haikupi njia ya tatu. Ukikubali biashara na adui, Roman, binamu wa mhusika mkuu Niko, anauawa siku ya harusi yake. Ukichagua kisasi, anakufa Kate, mpenzi wa Niko. Nimewaona watu wakipakia sevu mara nne wakitafuta siri ya kuwaokoa wote. Haipo, na ndiyo maana mwisho ule umekaa kichwani mwangu kuliko wa GTA V. Niko alikuja Marekani akitafuta kisasi, na gemu inamwonyesha bei yake kwa namna zote mbili.

Utajua umefanikiwa ukiweza kumwambia mtu kwa nini ulichagua hivyo bila kutaja pesa.

## Hatua ya 7: Majina yakipanda, usiachie padi

Mmoja wa walioniuliza "ndiyo imeisha?" ni kijana mmoja wa Kihesa, Iringa, aliyeinuka Arthur alipokata roho juu ya mlima, akafuta machozi kwa kofia, akalipa, akaondoka. Red Dead 2 ilikuwa bado na sehemu mbili nzima mbele yake, ukiwa na John Marston, mwenzake Arthur: kujenga nyumba, kuoa, na kumtafuta Micah, msaliti wa genge lao. Saa kadhaa za gemu. Aliziacha pale akidhani ni mabaki.

Red Dead ya kwanza, ya 2010, inatega vibaya zaidi. John anarudi shambani, unachunga ng'ombe na mwanawe, unadhani hii ndiyo raha ya mwisho. Kisha askari wanakuja na John anauawa nje ya ghala. Unahamia kwa Jack, yule mwanawe, mtu mzima sasa, na gemu inakuachia bila kukuambia kitu. Wengi wanazima hapo na kusema mwisho ni mbaya. Lakini kwenye ramani, kituo cha treni cha Blackwater, kuna alama ya mtu wa kuongea naye. Ukimfuata, utaongozwa hadi kwa Ross, aliyeamuru baba yako auawe. Ukimpiga risasi, ndipo jina la gemu linaandikwa kwenye skrini na majina yanaanza kupanda. Mwisho wa kweli umefichwa ndani ya misheni isiyo ya lazima.

Kwa hiyo: majina yakianza, kaa. Yakiisha, acha mashine irudi yenyewe. Ikikurudisha ndani ya dunia ya gemu, fungua ramani utafute alama mpya. Ikikurudisha kwenye menyu, fungua sevu ya mwisho uone kama kuna kilichobadilika.

## Hatua ya 8: Ukikasirika, tafuta kosa ni la nani

Jiulize: swali lililoulizwa saa ya kwanza limejibiwa? San Andreas inaanza CJ akiingia nyumba tupu, mama amezikwa, anaitazama picha yake, na Big Smoke anamtokea na rungu la besiboli. Inaisha ndani ya nyumba ileile, ndugu na marafiki wamejaa sebuleni wakigombana kwa furaha, na Smoke hayupo kwa sababu wewe ndiye uliyemwondoa. Ukikumbuka chumba cha kwanza, chumba cha mwisho kinakushika. Kama hukumbuki, si kosa la gemu. Ulikuwa unaruka mazungumzo.

Kisha jiulize kama uliyoyatenda yalirudi kukusalimia. Hapa Mass Effect 3 ilianguka. Watu walibeba maamuzi yao gemu tatu nzima, wakafika Machi 2012 na kukuta milango mitatu inayofanana, tofauti kubwa ikiwa ni rangi. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Juni mwaka huohuo watengenezaji walitoa nyongeza ya bure iliyorefusha mwisho na kueleza nani aliishia wapi. Haikubadilisha milango. Ukiicheza leo, hakikisha nyongeza hiyo imo kabla hujaanza sehemu ya mwisho; toleo la PS4 liitwalo Legendary Edition linayo tayari, kwa la PS3 huenda ukahitaji kuipakua, na kibanda chenye bando la kupakua ni nadra.

Ukiona jibu la maswali yote mawili ni hapana, kasirika kwa amani, gemu ndiyo mbovu. Ukiona moja ni ndiyo, lipa saa nyingine siku ya pili, fungua C, na upite mlango mwingine. Usiicheze siku hiyohiyo. Mwisho wa pili ukiufuata wa kwanza mfululizo yote miwili inakuwa kama matangazo.

Ukimaliza, chomoa kadi yako uiweke mfukoni kabla hujaanza kusimulia. Mimi ya kwanza niliisahau ndani ya mashine nikiwa katikati ya kueleza Tenpenny alivyodondoka na gari la zimamoto kutoka darajani, na niliporudi saa moja baadaye ilikuwa na jina la mtu mwingine kwa maka peni.